Wufa ya koni ya karatasi au ya alumini kwa spika za kujitengenezea?

Fundi wa Raskazone

Wakubwa shikamooni, na wenzangu salaam.

Ninatengeneza jozi ya spika za sebuleni, za njia mbili, kila moja ikiwa na wufa (kipaza cha sauti nene na za kati) ya sentimita 18 na twita (kipaza cha sauti nyembamba) ya kuba ya milimita 28. Masanduku ni ya plaiwudi ya milimita 18. Nimekwisha kuikata lakini sijatoboa matundu, kwa sababu nimekwama kwenye uchaguzi wa wufa. Kampuni ya Dayton Audio inauza RS180 yenye koni ya alumini na RS180P yenye koni ya karatasi, ambazo ni kama ndugu wa tumbo moja, na bei haiwezi kuniamulia. Ninaishi Tanga, karibu na bahari, na ninachosikiliza zaidi ni taarab ya zamani: mwimbaji, fidla, ganuni na udi. Chombo cha kupimia sina, isipokuwa mita ya kawaida ya fundi umeme. Mmoja ameniambia kwamba alumini hutoa sauti ya bati, na mwingine kwamba karatasi haidumu pwani. Naomba maelezo ya aliyekwisha kuzitumia zote mbili.

Mzee wa Krosova

Marahaba, ndugu yangu.

Nianze na hiyo sauti ya bati, maana imewapotosha wengi. Koni hutakiwa kwenda mbele na nyuma ikiwa kitu kimoja, kama pistoni. Katika masafa ya chini koni zote mbili hufanya hivyo, na hapo sidhani kama kuna sikio la kuzitenganisha. Zinaachana pale koni inapoanza kujipinda, sehemu moja ikienda mbele wakati nyingine inarudi nyuma. Karatasi huanza kujipinda mapema, lakini nyuzi zake husuguana na kuumeza mtetemo, kwa hiyo madhara yake hujitokeza kidogo kidogo. Alumini, kwa ugumu wake, huchelewa sana kujipinda, ila ikifikia hapo hulia kama kengele, kwa kuwa haina cha kuumeza mtetemo huo. Kwa wufa ya ukubwa wako kilele hicho huwa kati ya 5,000 na 10,000 Hz hivi, na chaweza kupanda desibeli 10 au zaidi juu ya sauti nyingine. Anayesikia bati anasikia kilele ambacho aliyeunda krosova, yaani saketi inayogawa masafa kati ya wufa na twita, hakukishughulikia.

Kukikata hakutoshi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Chukua kilele kilichoko 7,000 Hz. Mwimbaji akitoa sauti yenye 2,333 Hz, sumaku na koili ya wufa, ambazo hazikosi kasoro, huzaa sauti ya ziada ya mara tatu yake, yaani karibu 7,000 Hz, na koni huipokea na kuikuza. Sauti hiyo imezaliwa ndani ya wufa yenyewe, baada ya umeme kupita kwenye krosova, kwa hiyo hata krosova yenye mteremko mkali wa desibeli 24 kwa oktava (yaani sauti hupunguzwa desibeli 24 kila masafa yanapoongezeka maradufu) haiwezi kuifuta. Ndiyo maana wenye kutumia koni za metali hupendelea kumkabidhi twita kazi chini kabisa, tuseme 1,800 Hz, na hilo hudai twita iliyo imara. Angalia mwito wa asili wa twita yako, yaani masafa ambayo hutetemeka kwa urahisi zaidi yenyewe, katika karatasi ya vipimo: ukiwa juu ya 900 Hz, usithubutu kuishusha hadi hapo.

Kwa kuwa huna maikrofoni ya kupimia, ushauri wangu ni karatasi.

Msikilizaji wa Kisauni

Nakubaliana na Mzee katika mengi, ila kwa heshima naomba kuongeza jambo juu ya hiyo sauti ya ziada. Tukiweka koili nyingine na kapasita sambamba katika krosova, kisha tukaziunga kwa mfululizo na wufa, kizuizi hicho huleta ukinzani mkubwa kwenye masafa ya kilele. Sehemu ya kasoro za wufa hujitokeza kama mkondo wa umeme unaozunguka kati ya koili yake na amplifaya, na mkondo huo ukikutana na ukinzani huo hupungua. Hautoweki wote, lakini nafuu ipo, na vichujio vingine vyenye mteremko uleule haviileti.

Tatizo ni usahihi. Kwa 7,000 Hz unahitaji koili ya 0.1 mH na kapasita ya takriban 5.2 µF. Ukikosa hiyo dukani ukaweka 4.7 µF, kizuizi kinahamia karibu 7,300 Hz na kilele kinabaki kando yake. Na kilele halisi cha wufa uliyonunua si lazima kiwe pale mchoro wa kiwanda unapokionyesha. Bila kupima, unalenga shabaha gizani.

Kuhusu pwani, nimeishi na karatasi Mombasa miaka mingi. Karatasi tupu isiyopakwa kitu hufyonza unyevu, ikaongezeka uzito na kulegea. Hilo ni kweli. Lakini koni nyingi za leo hupakwa dawa ya kuzuia maji, na kilichokufa kwanza katika spika zangu kilikuwa sponji ya ukingoni, ambayo ilimung'unyika nilipoigusa kwa kidole, hali koni za karatasi zilikuwa nzima. Tafuta ukingo wa mpira, iwe koni ya aina yoyote. Alumini nayo haisalimiki na chumvi ya bahari kama haikutiwa ngozi ya kinga kiwandani.

Fundi wa Raskazone

Nimewaelewa, na nawashukuru sana wote wawili. Nimeangalia: mwito wa twita yangu ni 650 Hz, na wufa zote mbili zina ukingo wa mpira. Je, nikichukua karatasi naweza kukata kwa mteremko wa desibeli 12 tu, nipunguze vipuri?

Mzee wa Krosova

Kwa karatasi inawezekana, na huo ndio uzuri wake mkubwa kwa mtu anayejenga bila vyombo. Kata karibu 2,200 Hz, kisha jaribu kugeuza nyaya za twita na kusikiliza sauti ya mwimbaji ukiwa umekaa usawa wa twita. Upande mmoja sauti itasimama mbele yako, upande mwingine itaonekana kuwa na shimo. Usisahau kwamba uso wa sanduku lenye upana wa sentimita 22 ni mwembamba mno kuzielekeza mbele besi na sauti za kiume, hivyo hizo hupungua nguvu; kwa hiyo koili ya krosova iliyo kwenye njia ya wufa iwe kubwa kuliko hesabu ya kitabuni inavyosema, na twita ipunguzwe kwa rezista. Anza na desibeli 3, umsikilize mwimbaji pamoja na fidla, kisha uongeze kama fidla bado inamfunika.

Tundu la wufa lipime kwa wufa iliyo mkononi. Usitoboe kabla haijafika.