Video naielewa vizuri, karatasi ya mtihani inanishinda: simu inanisaidia au inanidanganya?

Kidato4_Sayansi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za masomo. Niko kidato cha nne, shule ya bweni, Tanzania. Simu shuleni ni marufuku, naishika likizo tu. Likizo hii natazama video za Bailojia na Kemia karibu kila siku, na mwalimu wa kwenye video akieleza, kila kitu kinakaa mahali pake. Siku tatu baadaye nikifungua pasti pepa, mada naitambua, hata rangi za mchoro nazikumbuka, lakini hoja za kuandika hazitoki. Nimeanza kuona kwamba ninachokiita kuelewa huenda ni kumtazama mtu mwingine akielewa.

Naomba kujua: video zitazamwe vipi ili kitu kibaki? Anki, ile programu ya kujiuliza kwa kadi za maswali na majibu, inapangwaje? Nikirudi bwenini bila simu inakuwaje? Na akili mnemba (AI) kwa kazi za nyumbani, inajenga au inabomoa?

Mwl_Bailojia

Marahaba mwanangu. Ulichokigundua kinajulikana kwa watafiti wa kujifunza na kimepimwa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, chuo cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma tena, jingine likafunga karatasi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma tena walibaki na 42, waliojiuliza bila kuangalia walikuwa na 56. Tatizo lako ni hilo hasa. Video inakupa ushindi wa dakika ya tano, na mtihani unakuja baada ya miezi.

Kwa hiyo usiiache video, ibadilishie kazi. Isimamishe kila dakika 3 au 4, mwalimu anapomaliza hoja moja. Geuza simu kifudifudi mezani. Andika kwa kalamu ya bluu kila unachokumbuka, pamoja na mchoro, hata kama ni mistari miwili tu. Kisha rudisha video nyuma, na yaliyokosekana yaandike kwa nyekundu. Ile nyekundu ndiyo somo lako. Ya bluu unayo tayari. Video ya dakika 12 itakula dakika 35 hadi 40, na hapo wengi hukata tamaa na kurudi kutazama mfululizo. Bora video moja namna hii kuliko tano za kupita kama gari moshi.

Siku ya pili, kabla ya kufungua chochote, chukua karatasi tupu uandike mada ile upya. Ukianza kwa kuchungulia notsi umeliharibu zoezi, kwa sababu jicho likishaona, akili inasema "nilijua" hata kama haikujua.

Kadi_na_Kalamu

Kuhusu Anki. Ya Android inaitwa AnkiDroid, ni bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Inakuja ikiwa imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku. Punguza ziwe 10. Sababu ni hesabu: kila kadi mpya inazaa marudio, na kwa kawaida marudio ya siku hufika mara 7 hadi 10 ya idadi ya kadi mpya. Kadi 10 mpya zitakupeleka kwenye marudio 70 hadi 100 kila siku baada ya wiki chache. Ukiacha 20, wiki ya nne unakutana na mlima na programu unaifuta.

Kosa linaloharibu watu wengi liko kwenye vitufe. Viko vinne: kurudia, ngumu, vizuri, rahisi. Ukisahau jibu, bonyeza cha kurudia, basi. Kile cha "ngumu" maana yake umekumbuka, ila kwa shida. Mtu anayekibonyeza kila anaposahau anaiambia programu kwamba amefaulu, nayo inazidi kumsogezea kadi mbali.

Kosa la pili ni kadi nene. "Eleza sehemu za moyo na kazi zake" hiyo ni sura nzima, si kadi. Ivunje: vali iliyo kati ya atriamu ya kushoto na ventrikali ya kushoto inaitwaje? Kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia? (Wa kushoto unasukuma damu mwili mzima, wa kulia unaifikisha mapafuni tu.) Kemia vilevile. Usiandike "sifa za kabonidioksaidi". Andika: maji ya chokaa yakipitishiwa gesi hii yanakuwaje? Yanakuwa meupe kama maziwa. Kadi nyingine: ukizidi kupitisha gesi, kwa nini weupe unapotea? Kwa sababu kalsiamu kabonati inageuka kuwa kalsiamu haidrojenikabonati, ambayo inayeyuka. Hiyo ya pili ndiyo inayotenganisha aliyeelewa na aliyekariri.

Boksi_la_Viatu

Kaka hapo juu kaeleza vizuri, ila kwa mwanafunzi wa bweni mimi napingana naye kidogo. Ukiiacha Anki miezi mitatu, siku unayoifungua inakudai marudio mamia. Mdogo wangu, tengeneza ya karatasi. Ilikuwepo kabla ya simu: Mjerumani Sebastian Leitner aliieneza mwaka 1972.

Manila ya ukubwa wa A1 inatoa kadi 64 za A7. Kunja nusu, kata kwa wembe na rula, na kila nusu fanya vivyo hivyo. Mikato sita ya namna hiyo na umefika. Karatasi ya rimu usitumie: ukiishika mbele ya taa, jibu la nyuma linaonekana, na utakuwa unasoma jibu bila kujijua. Boksi la viatu ligawe kwa vipande vya katoni sehemu tano. Sehemu ya 1 unaipitia kila siku, ya 2 kila siku ya pili, ya 3 kila siku ya nne, ya 4 mara moja kwa wiki, ya 5 kila wiki mbili. Ukipata, kadi inasogea sehemu moja mbele. Ukikosa, inarudi ya 1, hata kama ilikuwa ya 5.

Jibu liandike kwenye karatasi chakavu KABLA ya kugeuza kadi. "Lilikuwa mdomoni" ni kukosa. Dakika 20 mwanzoni mwa prepo (muda wa kujisomea usiku), kabla akili haijachoka, zinatosha. Na changanya masomo. Kadi za mada moja zikifuatana, ya kwanza inakutajia majibu ya zinazofuata.

Likizo simu iwe kiwanda cha kadi: video, wino mwekundu, wino mwekundu unakuwa kadi. Shule ukibeba boksi hakuna mwalimu wa zamu atakayelikamata.

Kidato4_Sayansi

Asanteni sana. Kadi niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? Kiswahili ndicho ninachofikiria nacho, ila mtihani uko kwa Kiingereza. Na Hesabu je?

Mwl_Bailojia

Swali la kadi liwe kwa Kiingereza, likiwa na neno la kuamuru kama lilivyo kwenye karatasi ya NECTA (Baraza la Mitihani), kwa sababu kutaja, kueleza na kulinganisha kunadai majibu tofauti na alama zinapotea hapo. Nyuma andika jibu kwa Kiingereza, na chini yake mstari mmoja wa Kiswahili wa *kwa nini*. Ukiacha Kiswahili utakariri sentensi usiyoielewa. Ukiacha Kiingereza utaelewa jambo usiloweza kuliandika.

Akili mnemba: andika jibu lako kwanza, lote, ndipo uiandikie: "Usinipe jibu. Niambie hoja gani imekosekana, kisha niulize swali moja." Ukianza kwa kuiomba jibu, umerudi kule kule kutazama mwingine akielewa. Na lolote inalosema lilinganishe na kitabu cha TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), maana inaweza kukosea kwa lugha ya kujiamini kabisa, hasa kwenye hesabu na milinganyo ya kemikali.

Saa_na_Alama

Hesabu kadi hazitoshi. Kadi iwe ya kanuni na ya kutambua: "swali likitoa pande mbili na pembe iliyo kati yake, unatumia kanuni gani?" Kukokotoa ni kwa kalamu na saa.

Karatasi ya Basic Mathematics ya miaka ya karibuni ni saa 3, alama 100: sehemu A maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali 4 ya alama 10. Dakika 180 kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama. Swali la A ni karibu dakika 11, la B dakika 18. Tega saa ya ukutani au ya mkononi. Simu usiitumie kupimia muda, ujumbe mmoja ukiingia dakika nne zimekwenda. Muda ukiisha chora mstari chini ya ulipofika, kisha malizia chini ya mstari kwa rangi nyingine. Juu ya mstari ndizo alama zako za leo.

Ukisahihisha, pembeni ya kila kosa andika herufi: K kanuni sikuijua, H hesabu nimekosea, S swali nimelisoma vibaya. Baada ya karatasi tatu zihesabu. K nyingi, rudi kwenye video na kadi. H nyingi, video haitakusaidia chochote. Andika hatua zote, acha kuruka mistari. S nyingi, pigia mstari kinachoulizwa kabla ya kuandika namba ya kwanza.