Bangi ya viwandani: mbegu chotara za F1 au vipandikizi, kipi hutoa mimea inayofanana?

Mpandaji_Colorado
Habari zenu, wanajukwaa. Mwajiri wangu ana leseni ya kulima bangi ya viwandani hapa Colorado, na sheria ya shirikisho la Marekani ya 2018 haituruhusu kuvuka asilimia 0.3 ya THC, kemikali ya bangi inayolevya, kwa uzito mkavu. Msimu uliopita tulipanda mbegu zilizoandikwa F1, lakini mimea ilipishana kimo, na maua yakapishana kukomaa kwa wiki mbili, hata tukavuna kwa kuokoteza. Je, tununue F1 tena, au tulipie vipandikizi vya mmea mama mmoja?

Mwalimu_wa_Mbegu
Ndugu, F1 hutaja kizazi tu, yaani watoto wa kwanza wa wazazi wawili tofauti; usafi wa wazazi hao haumo ndani yake. Mmea ukijichavusha, mchanganyiko wa urithi wake hupungua kwa nusu kila kizazi, hivyo baada ya vizazi vitano hubaki takribani asilimia 3, na wazazi wawili wa namna hiyo wakikutanishwa, watoto hufanana kama mapacha. Kwenye bangi kazi hiyo ni nzito, kwa kuwa kwa kawaida dume na jike ni mimea mbalimbali: mzalishaji hunyunyizia jike thiosalfeti ya fedha ili litoe maua dume, na vizazi vingi hudhoofika njiani. Wapo wanaokwepa taabu hiyo, wakachanganya chotara wawili na kuandika F1. Nadhani ndizo mlizouziwa.

Mama_Kitale
Mwalimu amesema kweli, na sisi wa Trans Nzoia tuliyaona hayo kwenye mahindi. H611, iliyotolewa 1964, ilitokana na Kitale Synthetic II na Ecuador 573, ambazo zote zilikuwa mbegu za uchavushaji huria, yaani mimea yake huchavushana yenyewe shambani. Ilizaa vizuri mno, ila mimea yake haikulingana kama ya chotara wa wazazi safi.

Fundi_wa_Kitalu
Kwa ufanano peke yake, vipandikizi vinashinda. Hata hivyo kila kimoja hukatwa kwa mkono, hakina mzizi mkuu, na mmea mama ukiwa na viroidi fiche ya hopu, kimelea kidogo kinacholeta ugonjwa, watoto huondoka nayo. Kwa ekari nyingi ningechagua mbegu.

Mpandaji_Colorado
Ahsanteni. Na tukipata F1 nzuri, tunaweza kuhifadhi mbegu zake?

Mwalimu_wa_Mbegu
Nakusihi msifanye hivyo. Mzazi wa THC akichanganywa na wa CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, F1 yote huwa ya kati. Lakini watoto wa F1 hiyo hugawanyika 1:2:1 (THC, kati, CBD), na robo yao huelemea THC, jambo ambalo kwa sheria yenu linaweza kugharimu shamba zima. Hata wazazi wote wakiwa wa CBD, kimo na muda wa kukomaa vitatawanyika tena. Mwulizeni muuzaji wazazi wamejichavusha vizazi vingapi, kisha pandeni mbegu 50 kitaluni kabla ya kulipia za shamba.