Naomba ushauri: igizo la wakimbizi, lugha tatu, hadhira moja

Wadau, habari zenu. Tunaandaa igizo shirikishi la dakika 15 kwa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Isingiro, Uganda, kwa mtindo wa Augusto Boal wa Brazili: linachezwa hadi mwisho mbaya, kisha linarudiwa, na mtazamaji analisimamisha na kuingia badala ya anayeonewa. Kisa ni mama kwenye foleni ya mgao. Jina lake halimo kwenye orodha.

Shida ya kwanza ni lugha. Kuna Wakongomani wanaosema Kiswahili, Warundi na Wasomali. Mkalimani wa kusimama pembeni anaua utani: wa Kiswahili wanacheka, wengine wanacheka baadaye, mwigizaji keshasonga mbele. Tumemgeuza awe jirani mmbea ndani ya foleni, anayerudia kila neno. Kwa lugha mbili inakwenda. Ya tatu inarefusha mno. Je, tukate maneno tubaki na vitendo: kidole cha karani kinashuka kwenye orodha, kinafika chini, kinarudi juu polepole?

La pili ndilo linalotusumbua hasa. Watazamaji wanapenda kuchukua nafasi ya karani, anakuwa mwema ghafla, na mchezo unakufa hapohapo. Mwongozaji amrudishe vipi mtu kwenye nafasi ya mama bila kumwaibisha, hasa akiwa mzee?

La tatu ni sauti: milio ya risasi tumeitoa kabisa kwenye sehemu ya igizo inayotokea mpakani, imebaki ngoma ya mbali. Mimi naona hata hiyo ngoma ni hatari. Mliochezea makazi mengine ya wakimbizi Uganda, kama Kyaka II au Bidi Bidi, mnaonyeshaje hofu bila sauti?