Mimba ya wiki 7: nianze kliniki sasa au nisubiri miezi 3 itimie?

Tulizana
Habarini za jioni wadau. Naombeni ushauri, msinitukane.

Nimepima mkojo mara 3 ndani ya wiki hii. Mara ya kwanza ule mstari wa pili ulikuwa hafifu nikasema labda ni macho yangu, jana umekolea kabisa. Programu ya simu inasema nina wiki 7. Ni mimba ya kwanza. Swali langu dogo tu: kliniki mtu anaanza lini? Dada yangu anasema nisubiri miezi 3 mimba ikae vizuri, kwamba ukienda mapema unarudishwa nyumbani. Mimi naelekea kumsikiliza. Sina tatizo lolote, ni kichefuchefu na usingizi tu. Nikienda wiki ya 13 kuna ubaya?

KochiLaMbele
Hongera. Mwambie baba mtoto alale sana mwezi huu, hatalala tena. Nimemaliza.

MamaWawili
Hongera mdogo wangu. Mimi wa kwanza nilianza kliniki mwezi wa 5. Tarehe ya hedhi ya mwisho sikuikumbuka, mkunga akakisia kwa ukubwa wa tumbo. Mtoto akaja wiki 3 kabla ya siku niliyopewa, tukakimbizana naye kama njiti, kumbe ametimia vizuri, kilo 3 na ushee, tarehe ndiyo ilikuwa mbovu. Wa pili nilipigwa ultrasaundi wiki ya 9. Hapo wanampima mtoto kichwa mpaka makalio na kosa halizidi siku chache. Ukichelewa watoto wanaanza kutofautiana ukubwa na hesabu inayumba. Huyo wa pili sasa ana miaka 6 na hanyamazi, lakini hiyo ni mada nyingine.

NesiWaZamu
Tulizana, hongera. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 uliongeza mahudhurio kutoka 4 hadi 8, na la kwanza liwe ndani ya wiki 12. Watu wengi wanasoma hiyo 12 kama mstari wa kuanzia. Ni mstari wa kumalizia. Ukipata jibu la kipimo, weka miadi, usingoje chochote. Siku hiyo utapimwa presha, mkojo, wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende na homa ya ini, na utaulizwa maswali mengi kuliko vipimo vyenyewe.

Nianze nayo hapa: kuna dawa yoyote unatumia? Una ugonjwa wa kudumu? Umewahi kuharibikiwa mimba?

Tulizana
Asante nesi. Sijawahi kuharibikiwa. Dawa kwa sasa situmii. Ila mbona wiki ya 12 na ya 13 ni wiki moja tu? Hiyo ndiyo ilete shida?

MzeeWaKigoda
Vijana mnashangaza. Jambo la kumuuliza mama yako unaliuliza watu usiowajua. Wake zetu walizaa 7, 8, kliniki walikuwa hawaijui, na watoto ndio sisi hapa.

BintiMdogo
Mzee wangu shikamoo. Waliosalimika ndio wanaosimulia. Wale wengine hawana akaunti humu.

Tulizana, mimi nami niliambiwa nisubiri "ikae". Kumbe ilikuwa imeshakaa, kwenye mrija wa uzazi. Wiki ya 8 nikaanza kuumwa chini ya tumbo upande wa kulia, halafu bega. Bega! Nikadhani nimelalia mkono vibaya, nikajipaka dawa ya misuli. Nilikuja kuelezwa kwamba damu ikivujia tumboni inagusa ule msuli wa kupumulia, maumivu unayasikia begani. Nilianguka mlangoni nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Mrija ulitolewa. Ultrasaundi ya wiki ya 6 au 7 ingeweza kuonyesha kwamba mfuko wa uzazi uko mtupu. Kwa hiyo mimi na hilo neno "ikae" hatuelewani.

NesiWaZamu
Pole sana Binti. Tulizana, umesema "kwa sasa". Ulikuwa unatumia nini, na umeacha lini?

KochiLaMbele
Nesi ana masikio.

Tulizana
Mbona mnanihoji kama polisi. Nimeuliza tarehe tu.

Tulizana
Sawa. Nina kifafa tangu nikiwa na miaka 14. Nilikuwa natumia valproeti asubuhi na jioni. Siku ya kipimo cha kwanza nilifungua ile karatasi ya ndani ya boksi, nikasoma sehemu ya wajawazito, mikono ikafa ganzi. Nikaacha siku hiyohiyo. Leo siku ya 6. Sijaanguka miaka 2 sasa, na hizi siku 6 nimelala vizuri tu, kwa hiyo sioni haraka. Nikienda sasa ama watanirudishia ile dawa, ama wataniambia mtoto ameshaharibika. Nikienda wiki ya 13 dawa imeshatoka mwilini na mtoto anaonekana mzima. Nimeshaamua hivyo, nilitaka tu kujua kama kuna ubaya.

NdooTupu
Kifafa cha mimba hicho, kilimpata shangazi yangu. Punguza chumvi, pumzika, kitaondoka ukijifungua.

NesiWaZamu
Ndoo Tupu, majina yanafanana, magonjwa ni tofauti. Kifafa cha mimba kinatokana na presha ya ujauzito na kwa kawaida huja baada ya wiki ya 20. Huyu ana kifafa cha ubongo tangu utotoni. Ushauri wa chumvi umpelekee mwingine.

Tulizana, sikulaumu. Karatasi ile inatisha na ina haki ya kutisha. Kwa mama anayetumia valproeti, mtoto 1 hivi kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, mgongo wazi ukiwemo, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya kukua kiakili. Ndiyo maana daktari huhangaika kuibadilisha, mara nyingi mimba ikiwa bado haijaingia. Lakini anayebadilisha ni yeye, kwa mpango, na zipo dawa za kifafa zenye usalama zaidi kwa mjamzito. Ukikata ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa kishindo, mara nyingine mshtuko juu ya mshtuko bila kupata fahamu katikati. Hapo hewa inawapungukia wote wawili. Kulala vizuri siku 6 hakujathibitisha lolote.

Jingine. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga mwishoni mwa wiki ya 6 kwa hesabu ya programu yako. Kama mgongo umepona, ulipona ukiwa bado unameza. Kama haukupona, kusubiri wiki ya 13 hakuurudishi. Ubongo wenyewe bado unajengwa mpaka siku ya kuzaa, kwa hiyo dawa gani utumie kuanzia leo ni swali la leo. Na foliki, ile vitamini ya wajawazito: mjamzito wa kawaida humeza mikrogramu 400 kwa siku mpaka wiki ya 12, wewe kwa kawaida ungeandikiwa miligramu 5. Unayotaka kuja nayo wiki ya 13, kazi yake kubwa itakuwa imeshapita.

Usijirudishie dozi mwenyewe. Mpigie daktari wako wa kifafa leo, sio Jumatatu.

Kisebusebu
Samahani kuharibu maombolezo, naona chai. Mleta mada ana uzi wa wiki 5 zilizopita unaosema "mume karudi jana baada ya miezi 4, nimpokeeje". Wiki 5. Mimba wiki 7. Ama mume si wa huyu mtoto, ama hakuna mume, hakuna mtoto, hakuna kifafa.

NdooTupu
Duh. Birika limechemka.

MzeeWaKigoda
Nilijua tu.

KochiLaMbele
Naleta vikombe.

MamaWawili
Rudisheni vikombe. Mimba haihesabiwi toka siku mliyolala pamoja, inahesabiwa toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Yai linapevuka kama wiki 2 baadaye. Wiki 7 za programu ni wiki 5 za kweli. Mume karudi wiki 5 zilizopita. Kisebusebu, umemtetea bila kujua.

Kisebusebu
Kwa hiyo kuna wiki 2 mimba haipo lakini inahesabiwa?

MamaWawili
Ndiyo.

Kisebusebu
Hizo ni hesabu za riba. Nimekubali, dada samahani.

Tulizana
Sijakasirika. Na mume wangu atahesabu hivyohivyo, hilo nalo lilinikosesha usingizi, sasa angalau nina jibu lake.

Lakini yeye hajui kifafa. Vidonge anajua ni vya kipandauso, nilisoma kwamba vinatumika na huko. Kliniki wanataka mwenza aje, halafu swali la kwanza ni "una ugonjwa gani". Nilitaka nipate muda.

BintiMdogo
Kumbe hapo ndipo penyewe. Nenda peke yako kwanza basi. Kumngoja yeye kusikuzuie.

Tulizana
Nimepiga. Nilipomwambia nimeacha siku 6 daktari alinyamaza kidogo. Ananiona kesho saa 2 asubuhi, niende na boksi. Leo nisilale peke yangu, nisipande juu ya kitu, nisioge nikiwa nimefunga mlango. Nikitetemeka tu niende usiku huuhuu.

NesiWaZamu
Safi. Andika na tarehe ya hedhi ya mwisho kwenye karatasi. Na anayelala na wewe lazima ajue la kufanya: akulaze ubavu, asikutie kitu mdomoni, aangalie saa. Zikipita dakika 5, aite msaada.

Tulizana
Anayelala na mimi ni yeye. Yuko sebuleni anaangalia mpira. Nasubiri mapumziko.

KochiLaMbele
Dakika ya ngapi?

Tulizana
Ya 20.

KochiLaMbele
Usisubiri mapumziko.