Nimeweka kijiti, sasa mchumba hataki tena kondomu. Nimwambieje?

Fundi_Cherehani:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni binti wa miaka 27, fundi nguo hapa Makambako, mkoa wa Njombe. Mchumba wangu ni utingo wa malori ya Tunduma, tuna mwaka na miezi minne. Kwetu ameshajitambulisha, mahari wanapanga mwezi wa kumi na mbili.

Tangu tuanze tunatumia kondomu, ila sababu tuliyokuwa tunaitaja ni moja tu: mimba. Nikisema "nisije nikashika mimba kabla hujanioa, baba atanifukuza", anacheka, anavaa, yanaisha. Neno ngoma, yaani UKIMWI, halijawahi kutoka kinywani mwangu wala mwake, na tunaishi mkoa ambao kila ukoo umezika mtu.

Mwezi wa saba ikapasuka siku moja, nikakaa wiki mbili chakula hakipiti. Nilipoona siku zangu nikaenda kuwekewa kijiti cha kuzuia mimba, nikamwambia kwa furaha. Kumbe nimejifunga kamba mwenyewe. Sasa anasema, "Mimba haipo, mipira ya nini tena? Au una mtu?" Juzi nilipong'ang'ania akavaa shati, akaenda kulala kwa rafiki yake. Tena anadai alitahiriwa kwenye ile kampeni, kwa hiyo yuko salama.

Simtuhumu. Lakini foleni ya mpakani inamlaza Tunduma siku nne, tano. Nampenda, na kodi ya fremu ninayoshonea analipa yeye. Nianzie wapi bila kuonekana malaya, au kwamba namwona yeye malaya? Matusi sitaki, naombeni.

Mzee_wa_Kijiwe:
Pipi hailiwi na ganda lake, binti. Ukishaolewa utamvalisha mpaka uzeeni?

Nyanda_za_Juu:
Mzee, huo msemo wa pipi umetujazia makaburi huku. Utafiti wa 2022-2023 uliikuta Njombe inaongoza nchi nzima: asilimia 12.7 ya watu wazima wana virusi, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Pipi kula wewe.

Gia_ya_Tano:
Dada, mimi ni dereva wa njia hiyohiyo, nitakwambia ukweli ambao mchumba wako hatakwambia. Kondomu kwenye gari ninazo, za bure, boksi zima. Mwanamke wa siku moja navaa bila kuambiwa. Ila akishaanza kunipikia na kunifulia, namwona mke mdogo, navua. Wenzangu wengi ni hivyohivyo. Tunaowaogopa tunavaa, tuliowazoea tunavua, kana kwamba kufuliwa shati ni cheti cha daktari. Na bia zikifika nne, hata iliyo mfukoni huikumbuki.

Sijasema wako yuko hivyo. Ila usimuulize "una mwingine?" Atakataa. Mimi ningekataa. Mwambie mkapime, basi.

Dada_wa_CTC:
Mdogo wangu, pole. Nafanya kazi kliniki ya tiba na matunzo, haya nayasikia kila wiki. Kijiti kinazuia mimba tu, virusi hakivijui. Tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa kwa takriban asilimia 60, siyo 100, na akiwa navyo tayari haikukingi wewe.

Kapimeni wote wawili, siku moja, msomewe majibu pamoja. Mkiwa hamna, endeleeni na kondomu miezi mitatu, mrudie, kwa sababu maambukizi ya juzi kipimo huenda kisiyaone. Akiona aibu kituoni, kuna kile cha kujipima mwenyewe kwa mate, sheria inakiruhusu tangu 2019. Kikionyesha mistari miwili, ni lazima kuja kuthibitisha.

Swali: siku ile ilipopasuka, mlipaka nini?

Fundi_Cherehani:
Mafuta ya mgando, dada. Alisema inakuwa kavu.

Dada_wa_CTC:
Nilijua. Mafuta ya mgando, ya nazi, ya kupikia, yote yanalainisha mpira mpaka unachanika. Tafuteni kilainishi cha maji, duka la dawa kipo. Na zile anazobeba asiziache juu ya dashibodi juani.

Ikipasuka tena na hujui hali ya mwenzio, usikae nyumbani wiki mbili. Kimbia kituoni ndani ya saa 72, kuna dawa za siku 28 za kuzuia maambukizi. Na kama hatakubali kuvaa kabisa, uliza vidonge vya PrEP, anavyomeza mtu ambaye hana virusi ili asiambukizwe. Hivyo havihitaji ruhusa yake.

Mzee_wa_Kijiwe:
Nimenyamaza. Kumbe na mimi nilikuwa natumia mafuta ya nazi.

Nyanda_za_Juu:
😂😂 Mzee si ulikuwa unakula pipi bila ganda?

Ninaishi_Nayo:
Fundi, wote wanakufundisha maneno. Mimi maneno nilikuwa nayo, hapana nilijua kuisema vizuri sana. Kilichonishinda ni kodi. Kila nikisema vaa, nakumbuka tarehe tano mwenye nyumba anagonga mlango. Nikanyamaza, na hiyo ngoma ninayo tangu 2011. Namshukuru Mungu dawa nameza, virusi havionekani kwenye kipimo, mume niliyenaye sasa hana, na mtoto wetu hana. Maisha yapo. Lakini wewe hujafika huku, na cherehani ni yako. Fremu ya bei ndogo unayoilipa mwenyewe itakupa mdomo kuliko ushauri wetu wote.

Fundi_Cherehani:
Wakuu, nimerudi. Nimesoma mpaka nimelia, hasa hapo kwenye kodi.

Jana usiku nilimpigia, yuko Tunduma kwenye foleni. Sikumuuliza habari za mwingine. Nilimwambia, "Mimi ndiye ninayeogopa, sijapima tangu tuanze, nataka unisindikize." Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema na yeye hajapima tangu 2019.

Amekubali Jumamosi akirudi, ila siyo kituo cha hapa, mama yake mdogo anafanya usafi pale. Tutaenda Njombe mjini. Nauli ya wote wawili nimemwambia natoa mimi.