Naomba ushauri: SSD yangu inaandika taratibu mno
Wakuu, naombeni msaada. Nina SSD (diski ya kuhifadhi data kwenye chipu) ya SATA, yaani inayounganishwa kwa kebo ya kawaida ya diski, ya GB 480. Kusoma haina shida, inagusa MB 500 kwa sekunde. Kuandika ndiko kunanitesa: nikikopi faili kubwa la video inaanza na MB 400, ikipita GB 10 hivi inaporomoka hadi MB 40 na kubaki hapohapo mpaka mwisho.

TRIM (amri inayoiambia SSD data ipi haihitajiki tena) imewashwa, joto ni la kawaida. Ila diski imejaa asilimia 90, na hapo ndipo ninapopashuku zaidi. Je, ni kashe ya SLC (sehemu ya diski inayopokea data kwa kasi kwa muda) inayojaa mapema kwa kukosa nafasi, au chipu za QLC (zinazobana biti nne kwenye seli moja, hivyo huandika taratibu) ndio uwezo wake? Nikihamisha mafaili itasaidia, au ninunue SSD yenye DRAM (kumbukumbu yake ya haraka ya ndani)? Nahariri video kila siku, nimekwama kweli.