Mchele gani unakubali kari ya Kijapani? Niko Mbeya

Binti_Uyole: Wadau habari zenu. Kaka yangu kaniletea paketi mbili za kari ya Kijapani, ile ya vipande kama chokoleti, unavunja unatumbukiza kwenye sufuria mchuzi unakuwa mzito wenyewe. Jumapili nimepika na nyama, karoti na viazi, mchuzi umekubali kabisa ila wali ndo umeniangusha. Nilipika kama tulivyozoea, mafuta chumvi kitunguu, mchele wa Kyela, ukachambuka punje mojamoja, sasa mchuzi unateleza wote chini ya sahani wali unabaki mkavu juu. Imebaki paketi moja na Jumamosi wakwe wanakuja. Nichukue basmati au?

Mama_Mchele: Basmati achana nayo mwanangu, hiyo inachambuka kuliko hata huo wako. Nauza mchele Mwanjelwa mwaka wa kumi huu. Muulize muuzaji mchele mpya, wa msimu huu, maana mchele ukikaa ghalani unakauka, unataka maji mengi na punje hazishikani. Mpya unanata wenyewe. Usitegemee macho tu, chukua punje chache utafune, mpya unavunjika taratibu na unabaki kama unga mlaini kwenye meno, wa zamani unalia ka! Na usichukue wenye chenga nyingi, utapata bokoboko.

kamwene_iringa: Mama kasema kweli. Mimi niliishi nyumba moja na Mjapani wa kujitolea hapa Iringa miaka miwili, kari alikuwa anapika kila Ijumaa na wali wake hauna mafuta, hauna chumvi, hauna nazi, kitu chochote. Mafuta ndo yanafanya punje zisishikane dada, na chumvi iko tayari kwenye kari. Mchele wa kwao ni mfupi mnene, unanata kwa asili, alipoukosa akawa anatumia wa Pawaga. Anaosha mpaka maji yanakaribia kuwa safi, yaani unaona chini, analoweka nusu saa, kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe na robo ya maji. Akisikia umechemka anapunguza moto kabisa na mfuniko haugusi tena, dakika kumi na tano, halafu anaepua unakaa dakika kumi nyingine bila kufunua. Wali wa kari alikuwa anapunguza maji kidogo kuliko wa siku nyingine, anasema mchuzi utamalizia kuulainisha.

Mdau wa Mbarali: Naongezea, Mbeya tuko juu karibu mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 hivi, kwa hiyo dakika kumi na tano hazitoshi, mpe ishirini na uweke jiwe juu ya mfuniko mvuke usitoke. Halafu Kyela kwa kari mimi sikubaliani, ile harufu yake ni ya kula na maharage au samaki, kwenye kari zinagombana. Chukua Saro ya huku kwetu, ina harufu ya kiasi.

Mama_Mchele: Kyela haigombani na kitu wewe!

Binti_Uyole: Nimerudi. Nilichukua Saro mpya kilo mbili, nikajaribu Ijumaa kwanza na kikombe kimoja. Dakika ishirini, jiwe juu. Ukoko mwembamba chini, juu umeshikana lakini punje inaonekana, ukichota na kijiko unakuja na mchuzi wake. Jumamosi baba mkwe kaongeza mara mbili, kauliza tu mbona wali hauna chumvi, nikamwambia baba changanya na mchuzi kwanza. Ndaga fijo (asanteni sana) wote, mama nakuja Mwanjelwa wiki ijayo unipimie Kyela mpya nijaribu na hiyo.